Shimo Ambalo Halikununuliwa

Shirika lilipokufa, warithi wake waligawana kila kitu isipokuwa shimo.

Malori yalikwenda Makambako kwa Abdulatif, tajiri wa usafirishaji. Meza na viti vilikwenda Njombe mjini, kwenye ofisi ambazo hadi leo viti vyake vina namba nyeupe migongoni kama wachezaji wa mpira. Mabati ya kambi yaliondoka mchana kweupe juu ya vichwa vya watu wasiojulikana, ambao kila mtu pale Lwangilo aliwajua kwa majina. Shimo peke yake ndilo lililobaki, kwenye eka mbili za akina Anania, likipuliza.

Lilichimbwa mwaka themanini na sita. Shirika la umma la kutafuta mafuta na gesi lilimwendea baba yake Anania, mzee akiwa bado hai, likazikodi zile eka kwa miaka kumi na miwili. Mkataba ulisomwa kwa sauti mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na kifungu cha tisa kilisema wazi kwamba mpangaji akimaliza shughuli zake ataziba visima vyote na kuirudisha ardhi kama alivyoikuta. Wakachimba miezi saba kwa kelele za kuwahamisha hata fisi wa Lugarawa. Walichopata ni gesi: ndogo mno kumtajirisha mtu, nyingi mno kuachwa peke yake. Wakafunga bomba lenye koki kubwa juu yake, wakasema watarudi. Mzee akafa akiwangoja. Kisha Shirika nalo likafa, mwaka tisini na tano, enzi zile ambazo kila kitu cha umma kilikuwa kinauzwa isipokuwa umma wenyewe, na huo ulisalimika kwa kuwa hakujitokeza mnunuzi.

Koki ikaliwa na kutu. Gesi ikaanza kutoka pembeni mwa bomba. Haikuwa na harufu wala rangi. Ilikuwa na sauti tu, ssss, usiku na mchana, kama mtu anayetaka kusema "subiri" akakwama kwenye herufi ya kwanza. Majani yaliyolizunguka bomba yalikauka, duara zima likawa na upara. Wavuta sigara walizunguka mbali, na walevi wa ulanzi, ambao kwa kawaida hawazunguki chochote, nao walizunguka.

Hatua thelathini kuteremka kutoka shimoni ilikuwa nyumba ya mama yake Anania, Bibi Esnath. Ilikuwa nyumba ya matofali mabichi na bati, yenye dari ya mianzi ya kuwekea mahindi na madirisha mawili madogo kama macho ya mtu aliyesinzia, maana baridi ya huko haimwonei haya mtu mwenye dirisha kubwa. Nyuma ya nyumba lilikuwepo kaburi la mumewe. Bibi Esnath alikuwa ameshasema, na alikuwa akisema mara mbili kwa wiki ili mtu asisahau, kwamba yeye hapo haondoki.

"Na kelele za shimo, mama, hazikusumbui?" Anania aliwahi kumuuliza.

"Nimelala na baba yako miaka arobaini na mmoja, anakoroma kama mashine ya kupasua mbao. Hako kashimo kanajifunza tu."

Anania mwenyewe alikuwa mchoma mkaa wa miti ya miwati, mtu wa maneno machache, na hata hayo machache aliyatoa kwa kusita. Jambo moja tu ndilo lililomfanya ajisifu: tanuri lake halikuwa linavuja. Wachoma mkaa wengine waliamka asubuhi wakakuta tundu limejifungua ubavuni, hewa imeingia, na gogo zima la mwati limekuwa majivu ya kusugulia sufuria. Tanuri la Anania, hapana. Alijua kusoma moshi. Alijua mahali pa kugonga kwa mgongo wa koleo na mahali pa kubandika udongo mbichi kwa kiganja. Wenzake walimwita Plasta.

Mwezi wa sita mwaka tisini na sita akaja Marcelino kwa pikipiki, kijana mwenye koti zuri na kidude mkononi chenye mshale. Alikuwa afisa wa mradi mpya wa visima vilivyotelekezwa. Alikisogeza kile kidude kwenye bomba, mshale ukaruka mpaka mwisho ukagonga ukuta.

"Mzee wangu, hii ni hatari," Marcelino alisema. "Hii gesi ikipanda huko juu ni mbaya kuliko moshi. Inaifunika dunia kama blanketi. Dunia inapata joto."

Anania alivuta koti lake la mtumba, akatazama bonde lililokuwa jeupe kwa umande ulioganda.

"Dunia inapata joto?"

"Ndiyo."

"Sasa mbona haijaanza na Njombe?"

Marcelino alicheka kwa heshima, jinsi wanavyocheka watu wenye fomu za kujazwa. Kisha akaeleza. Wafadhili wanataka uvujaji upungue, na upungue kwa namba. Kisima ambacho hadi tarehe thelathini na moja Julai kitakuwa hakijadhibitiwa, kitatangazwa kuwa eneo la hatari. Kitazungushiwa uzio, na nyumba zote zilizo ndani ya hatua mia mbili zitaondolewa.

Anania hakuhitaji kupiga hatua. Zilikuwa nyumba tatu: ya mama yake, ya mdogo wake Yoramu hatua arobaini chini zaidi, na yake mwenyewe pembeni kabisa.

"Anayetakiwa kulidhibiti ni nani?" aliuliza.

"Mpangaji. Kifungu cha tisa."

"Mpangaji amekufa."

"Basi waliomrithi. Wakikataa, mwenye ardhi." Marcelino aliwasha pikipiki. "Nenda Makambako, mzee, ukaongee nao."

Anania alikwenda Makambako juu ya lori la mkaa wake mwenyewe, akafika na uso mweusi kiasi kwamba mlinzi wa Abdulatif alimwambia mkaa unashushwa upande wa nyuma. Abdulatif alimpokea vizuri, akamwagizia chai ya maziwa na sambusa. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye kofia ya mkono iliyokaa upande.

"Mzee Anania, mimi na wewe ni ndugu, mkaa wako ndio unaopika pilau yangu," alisema. Akafungua droo, akatoa karatasi. "Hati ya mnada hii hapa. Malori manne. Jenereta. Pampu ya kusukumia saruji. Soma mpaka chini. Ukiona palipoandikwa shimo, wallahi leo hii nalibeba nalileta hapa uani."

Anania alisoma mpaka chini. Shimo halikuwemo.

"Hiyo pampu, basi. Niazime pampu."

"Pampu?" Abdulatif alikuna kofia. "Injini yake inasaga dona nyuma ya soko. Bomba zake tumezitengenezea mageti. Xaveri! Hebu njoo umweleze mzee."

Xaveri alitoka chini ya lori huku akifuta mikono. Alikuwa mchimbaji wa Shirika miaka kumi na tisa, mtu wa Lugarawa. Alilichimba lile shimo kwa mikono yake, na sasa alikuwa fundi wa breki.

"Lile linazibwa kutoka chini, kaka," alisema. "Mita mia nne. Unashusha bomba mpaka tumboni, unasukuma saruji nzito, unapanda nayo taratibu. Lile halizibwi kutoka juu."

"Nikilikandika vizuri juu?"

"Utakuwa umemziba mtu mdomo, pua ukamwachia. Gesi haichoki. Itatafuta pengine."

"Hata moshi wa tanuri unatafuta pengine," Anania alisema. "Na mimi huwa nawahi."

Xaveri alimtazama, akamtazama Abdulatif, akarudi chini ya lori.

Njia nzima ya kurudi, Anania alijiambia kwamba Xaveri ni mtu wa vyuma, udongo haujui. Alilirudia neno hilo mpaka likamtosha. Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Alifanya kazi siku nne. Alichimba udongo wa kichuguu, akaukanyaga na maji ya majivu mpaka ukanata kama ugali wa msibani. Akaondoa ardhi iliyolizunguka bomba kina cha kiuno, akashindilia tabaka la kwanza, akalala nalo, akashindilia la pili. Juu yake akapanga mabonge ya majani na mizizi kama anavyofunika tanuri, kila bonge likikalia ungio la bonge la chini. Koki yenyewe aliivika gunia lililolowekwa udongo, akaifunga kwa waya. Kila palipotoka sauti, alibandika. Ssss ikawa sss. Ikawa s. Siku ya nne saa tisa alasiri alilala kifudifudi, akaweka sikio ardhini, akasikia moyo wake mwenyewe na basi.

Mkewe Ida alisimama pembeni akiwa amejifunga kitenge mara mbili kwa baridi.

"Baba Remmy, yule fundi si alisema isizibwe juu?"

"Unasikia kitu?"

"Sisikii."

"Basi."

Asubuhi yake Bibi Esnath alilalamika kwamba ukimya ulimnyima usingizi. "Nimegeuka, nimegeuka. Kama nimefiwa mara ya pili." Lakini alikuwa anacheka, na alimpelekea mwanawe kikapu cha viazi vya kuchemsha, akamwambia mbele ya Yoramu: "Umeniokolea nyumba, Plasta." Anania alikuwa na miaka arobaini na minane, na masikio yake yaliona haya kama ya kijana wa kipaimara.

Tarehe ishirini na sita Marcelino alirudi. Alikisogeza kidude kwenye kichuguu kile kipya. Mshale ukalala. Akakigonga kidude kwa kidole. Mshale ukaendelea kulala.

"Mzee!" Sauti ilimtoka kama mtu aliyefunga goli. "Asilimia mia moja! Mradi mzima hakuna kisima kilichopungua hivi. Matamba wamepata thelathini wakachinja mbuzi!"

"Karibu chai, mwanangu," Bibi Esnath aliita kutoka mlangoni kwake. "Njoo na hako kamashine kako ukapime na chai yangu."

"Asante, mama, nawahi Njombe kabla ya giza."

Anania ndiye aliyeuliza. Baadaye, hilo ndilo alilolikumbuka kuliko yote: kwamba aliuliza. "Hupimi na kule chini? Majumbani?"

Marcelino alimwonyesha fomu. "Fomu ina nafasi ya kisima tu. Weka sahihi hapa, mwenye ardhi."

Akaweka sahihi.

Siku nane zilipita. Siku ya tatu Bibi Esnath alisema kichwa kizito. Siku ya tano alisema ni mafua yanakuja. Ida alimwambia aje alale kwao mpaka apone, bibi akakasirika kabisa. "Mwanangu kaziba shimo ili nikae kwangu. Sasa nihamie kwenu nikamsaidie Yoramu kusema nimezeeka?" Ida alimtazama mumewe. Anania alisema mama akisema hapana ni hapana, akaenda kupanga magogo.

Siku ya tisa ilikuwa na baridi iliyofanya maji ya ndoo yawe na ngozi. Jua lilikuwa limeshatoka. Anania alikuwa kwenye tanuri lake ng'ambo ya kijito aliposikia mlio, akafikiri ni tairi la lori barabarani. Akageuka. Mabati ya nyumba ya mama yake yalikuwa hewani.

Yalikaa hewani muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Kisha yakashuka moja moja juu ya mianzi.

Alichokikuta hatukisimulii. Mama yake alikuwa ameshuka kitandani, amewasha kiberiti ili achemshe maji. Basi.

Watu walijaa, wakamwaga maji, wakatoa walichoweza kutoa. Na katikati ya majivu, kwenye ufa wa sakafu ya udongo, Anania aliona moto mdogo wa bluu, mrefu kama kidole, umesimama wima bila kuni. Yoramu aliumwagia ndoo. Ukazimika, ukarudi. Anania aliukanyagia udongo kwa buti, akaukandamiza. Ukatokea kwenye ufa wa pili, hatua mbili chini, upande wa nyumba ya Yoramu.

"Mafuta ya taa yamelowa sakafuni," alisema mtu.

"Mafuta ya siku hizi!" akasema mwingine. "Wanachanganya na petroli, wafanyabiashara hawa. Tangu ruksa hii ya biashara ije, hata kibatari kinaua."

Anania alifungua mdomo. Kila mtu alikuwa anamtazama kwa huruma. Aliufunga.

Marcelino alifika jioni hiyo, bila kidude. Alimvuta Anania pembeni, chini ya mwati. Alikuwa amelia, hilo aliliona Anania, na lilimchanganya.

"Pole sana, mzee. Polisi wameandika mafuta ya taa yaliyochanganywa. Tuliache hapo."

"Imepita chini. Nimeona moto."

"Mzee, ripoti imeshaenda Dar es Salaam. Imeshasomwa kwenye mkutano. Wamepiga makofi." Aliitazama pikipiki yake. "Ukilifungua, nitalazimika kuandika kwamba umelifungua wewe. Na wataniuliza nani aliliziba, na sahihi ni yako."

"Na yako."

"Na yangu," alisema Marcelino, kwa sauti ndogo. "Ndiyo maana nakuomba."

Msiba uliwekwa kwa Yoramu, kwa kuwa ndiyo nyumba iliyokuwa kubwa. Watu zaidi ya mia walikuja. Remmy, mtoto wa Anania, alikuja kutoka shuleni Kidugala. Turubai lilifungwa uani, na nyuma ya nyumba akina mama walitega meko sita, moto umetanda chini ya masufuria ya maharage. Ndani, wazee walikaa na majiko ya mkaa miguuni, milango imefungwa. Ulikuwa mkaa wa Anania, mkaa mzuri usio na moshi.

Usiku kucha hakulala. Aliyatazama majiko yale. Alimnong'oneza Yoramu ayatoe nje. Yoramu akasema, "Kaka, wazee wafe na baridi? Lala kidogo." Akamwambia Ida, yote, tangu maneno ya Xaveri mpaka ufa wa pili. Ida alimsikiliza mpaka mwisho. Hakusema "nilikuambia". Alisema tu, "Kesho useme."

Huko kwao, kabla ya jeneza kushushwa, mtoto mkubwa husoma historia ya marehemu: alizaliwa lini, alibatizwa na nani, aliolewa, ameacha watoto na wajukuu wangapi, na mwisho ugonjwa wake ulivyoanza na ulivyomchukua. Karatasi ilikuwa imeandikwa na karani wa usharika, mwandiko mzuri. Anania alisoma kuzaliwa. Alisoma ubatizo. Alifika mahali palipoandikwa "ajali ya mafuta ya taa", akasimama.

"Hapa wamekosea," alisema. "Mama hakufa kwa mafuta. Nimemuua mimi, kwa koleo. Niliziba shimo juu, na mtu wa kazi hiyo alikuwa ameshanikataza. Gesi imepita chini ikamwingilia ndani. Na sasa hivi inakwenda kwa Yoramu. Ombi langu, zimeni mioto. Tokeni mle ndani."

Kisha mwanamke mmoja akaangua kilio, "Jamani, uchungu umempanda kichwani!" na kilio kikapokelewa pande zote. Mchungaji alimshika bega kwa upendo mkubwa kabisa, akaichukua karatasi mkononi mwake, akaimalizia yeye. Kwaya ikaanza kuimba. Mjomba mmoja alimletea Anania maji yenye sukari.

Mama yake alizikwa kando ya mumewe. Udongo wa mwisho ulipomwagwa, Anania alichukua koleo la wachimba kaburi, akapanda nalo mteremko kwenda shimoni.

Walimfikia kabla hajapiga mara tatu. Mfiwa huko hashiki koleo wala jembe mpaka matanga yaanuliwe. Akishika, anaitia nuksi familia nzima, anawachimbia wengine kaburi. Hata watoto wanalijua hilo. Vijana wawili wakamnyang'anya koleo kwa adabu, wakisema "pole, baba, pole," na Yoramu akamkumbatia kwa nguvu kutoka nyuma.

"Niache, Yoramu."

"Kaka, unatutia aibu mbele ya watu."

"Nyumba yako inajaa."

"Nyumba yangu imejaa wageni! Wanakusubiri wewe ule, na wao wale."

Anania alilegea. Yoramu alipolegeza mikono, yeye akajitupa chini kwenye kile kichuguu akaanza kukwangua kwa kucha. Alijua kila bonge lilipoungwa. Alikuwa ameliunga vizuri, Mungu amsamehe, halikuwa linatoka. Kidole kimoja kilichanika, kingine kikang'oka kucha, na watu wakasimama kumzunguka, hakuna aliyesaidia, hakuna aliyethubutu kumgusa tena.

Wakati huohuo kule chini kukazuka kelele nyingine. Ida alikuwa ameingia jikoni kwa wapishi na ndoo. Aliumwagia maji moto wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mvuke ukapanda, masufuria yakapinduka, maharage yakatapakaa. Wakamshika nywele. Akaumwagia wa nne akiwa ameshikwa. Remmy, kijana wa kidato cha tatu, alisimama katikati ya wazazi wawili, mmoja anakwangua ardhi juu na mwingine anapigwa chini, asijue akimbilie wapi, akaingia ndani akaanza kutoa majiko ya wazee moja baada ya jingine huku wazee wakimtukana kwa Kibena.

Bonge likatoka. Chini yake udongo ukavimba kama uji unaochemka, ukapasuka, na sauti ikatoka, kubwa kuliko ya zamani, hadi mabaki ya udongo yakamrukia Anania usoni. Aliendelea kupanua.

Watu walirudi nyuma. Hawakuamini, waliogopa tu, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Jioni ile wageni zaidi ya mia waliondoka Lwangilo bila kula. Hakuna aliyewahi kusikia msiba wa namna hiyo, kutoka Njombe hadi Ludewa.

Nyumba ya Yoramu haikulipuka. Hilo ndilo lililommaliza Anania. Kama ingelipuka angekuwa mwuaji aliyesema kweli. Haikulipuka, akawa kichaa aliyemzika mama yake na wageni wakaondoka na njaa. Usiku ule, na usiku uliofuata, na mwaka uliofuata, hakuweza kumwonyesha mtu yeyote kitu ambacho hakikutokea.

"Sema kweli," Yoramu alimwambia wiki ile. "Ulikuwa na uhakika?"

Anania alifikiri. Hakuwa mtu wa kudanganya. "Sikuwa na uhakika."

Yoramu alitikisa kichwa, akaondoka. Hawakuongea tena.

Marcelino alikuja mwezi wa tisa na kopo la rangi nyekundu. Alikuwa amekonda. Mradi ulikuwa umemhamisha. Hiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho. Alichora msalaba kwenye nyumba ya Anania, akachora kwenye ya Yoramu, akafika kwenye vifusi vya nyumba ya bibi, akasimama na brashi mkononi, akakosa ukuta wa kuchora. Fomu mpya aliyoileta ilikuwa na mstari mmoja: kisima kilifunguliwa na mwenye ardhi. Anania aliweka sahihi bila kusoma.

Uzio ulizungushwa kabla ya mvua. Makaburi mawili yalibaki ndani. Anayetaka kuingia aandike barua, aeleze sababu. Kuziba shimo kutoka chini, mita mia nne, hakukutajwa na yeyote. Fedha za mradi zilikuwa za kupunguza uvujaji, walisema, na kisima hiki kilikuwa kimeshahesabiwa kuwa kimepungua. Kikahesabiwa hivyo, kikaendelea kupuliza.

Anania na Ida walihamia Makambako, chumba kimoja nyuma ya soko, ukuta wa pili ukiwa mashine ya kusaga. Ida aliuza vitumbua. Anania alibeba magunia. Tanuri hakuchoma tena, na aliyemwita Plasta hakuitikiwa.

Upepo wa Makambako mnaujua. Jioni moja ya mwezi wa sita mwaka uliofuata ulikuwa unapita chini ya mlango mpaka unainua mkeka. Ida alikuwa anakohoa wiki ya pili. Alisema, "Baba Remmy, ziba basi hapo chini, nitakufa."

Anania hakuinuka. Ida alingoja. Kisha akachukua kanga kuukuu, akaisokota, akapiga magoti akaishindilia kwenye upenyo mpaka upepo ukanyamaza.

Anania aliutazama ule mlango. Akaja taratibu, akapiga magoti kando yake, akaichomoa kanga.

"Nina baridi, mume wangu."

"Najua."

Alilivua koti lake akamfunika. Halikutosha. Akaenda kukaa upande wa pili wa chumba, karibu na mlango, upepo unamgonga mgongoni, na Ida akaendelea kukohoa.